Msimbo Juu ya Mzoga

Tuliliacha shoka limenasa mlangoni, na mwenye shoka yuko upande wa pili akilivuta. Haya, kaa vizuri, maana limenasuka.

"Kaka, wamefika!" alilia Kitinda.

Nyundo alikuwa ameshika bakuli la mchuzi alilomletea dada yake, na kwa kuwa hakuwa na silaha nyingine, akalishika vizuri zaidi. Pigo la pili likaupasua ubao kutoka kwenye kitasa hadi chini. Mkono wenye manyoya ukapenya, ukapapasa kutafuta komeo.

Nyundo akaudaka ule mkono, akaukunja kwenye ubao jinsi anavyokunja mguu wa ndama. Mfupa ukalia. Mwenye mkono naye akalia, tena zaidi ya mfupa.

"Amenivunja! Amenivunja!"

"Toka hapo!" sauti nyingine ikabweka. "Niachie mimi!"

Wewe uliyechelewa kujiunga nasi, sikiliza haraka, maana mlango huu haukusubiri. Nyundo ni mpasuaji wa mizoga katika machinjio makubwa ya mji. Kitinda, mdogo wake wa mwisho, alikuwa karani wa mizani palepale, mpaka asubuhi ile alipomwona Bwana Ngozi, tajiri wa ngozi na nyama, akimchoma kisu cha koo daktari wa mifugo aliyekataa kuigongea muhuri nyama ya ng'ombe wagonjwa. Kesho Kitinda anatakiwa asimame mbele ya hakimu aseme alichokiona. Bwana Ngozi anataka kesho hiyo imkute mwanamke huyu kaburini. Basi, umeshajua yote. Mlango huo unaanguka.

Aliyeingia alikuwa na upara unaong'aa kwa jasho, shoka kalishika kwa mikono miwili. Nyundo akamkaribisha kwa bakuli la mchuzi, la moto, usoni.

Kipara akapiga yowe na kulizungusha shoka bila kuona. Likampitia Nyundo begani. Nyama ikafunguka, damu ikamwagika hadi kwenye viatu. Nyundo akampiga teke la goti, Kipara akaenda chini, lakini hata akiwa chini hakuliachia shoka. Alilivuta nyuma kutaka kuikata miguu ya Nyundo.

Hapo ndipo Kitinda alipoonyesha kwamba ni damu moja na kaka yake.

Chumba kile kilikuwa juu ya kiwanda cha magodoro. Kwenye meza palikuwa na sindano ya kushonea magodoro, ndefu kama mkono wa mtoto. Kitinda aliichukua na kumzamishia Kipara pajani, akaisukuma kwa kiganja mpaka ikagonga mfupa.

"Dirishani!" Nyundo alifoka.

"Ni juu sana, kaka!"

"Ruka!"

Chini, uani, mafundi walikuwa wameanika magodoro mapya yakauke gundi. Kitinda akaruka, akatumbukia katikati ya sponji. Nyundo akamfuata, akaangukia godoro la watu wazima wawili na kulitia damu lote. Fundi mkuu wa magodoro alitokeza na mkasi wake akitaka kujua nani atalilipia. Alipoona ile damu, akanyamaza, akawafungulia geti.

Sasa msomaji, swali lilikuwa moja. Nani aliyesema?

Chumba kile kilijulikana na watu watatu tu. Nyundo mwenyewe. Mke wa Nyundo. Na mume wa Kitinda, dereva wa gari la kubebea nyama, ambaye wote humwita Shemeji, basi na sisi tumwite hivyo hivyo. Mwanamume hajishuku, na mkewe Nyundo hakumshuku. Hesabu ikabaki kwa mmoja.

Walikimbilia kwenye stoo ya mkewe, anakoweka nguo za mitumba anazouza kwa simu. Mwanamke yule hakulia wala hakuuliza. Alimkalisha mumewe juu ya robota, akachukua uzi mweusi na sindano, akaanza kulishona bega kama anashona mfuko wa koti.

"Taratibu, mama watoto!"

"Umevunja mkono wa mtu, unaogopa sindano? Tulia."

Mlango ukagongwa. Shemeji akaingia anahema, kofia mkononi. "Mke wangu yuko wapi? Mzima?"

Hakumaliza. Nyundo aliinuka na sindano ikining'inia begani, akamkaba koo, akambamiza ukutani mpaka rafu ya viatu ikawaangukia.

"Umetuuza!"

"Shemeji, mimi..."

Ngumi ya kwanza ilimng'oa jino. Ya pili ilimfunga jicho. Ya tatu ingemmaliza, maana mkono wa Nyundo unapasua fahali kila siku na huyu alikuwa mwembamba wa kukaa garini. Kitinda akajitupa katikati.

"Kaka, utaniulia mume!"

"Alijua! Yeye peke yake!"

"Nimuuze mke wangu?" Shemeji alisema, mdomo umejaa damu. "Nimuuze huyu? Kwa nani? Ili nikalale na nani?"

Alikuwa akilia, na si kwa sababu ya jino. Nyundo aliliona hilo, na aibu ikamshika, lakini hasira haikutoka. Kama si huyu, basi nani?

Mkewe alikuwa amesimama na uzi mkononi. Alikuwa anakitazama kifua cha mumewe.

"Baba watoto, hiyo simu uliingia nayo mle chumbani?"

"Naingia nayo kila siku. Kitinda hana simu. Namwachia asome habari za kesi wakati anakula."

"Anasomea wapi?"

"Kwenye intaneti, humo humo."

"Nipe."

Simu ya Nyundo huishi shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki unaoning'inia kwa kamba, na ule mfuko umeganda damu ya ng'ombe. Mkewe aliitoa kwa ncha za vidole, akafungua kivinjari. Ukurasa mmoja ulikuwa wazi. Mweupe, una picha ya kichwa cha ng'ombe na maneno: *Imepokelewa. Asante.*

"Hii nini?"

"Kazini hiyo. Kila mzoga una kibandiko chenye msimbo wa QR. Unaskani, inaonyesha nyama imekaguliwa. Usiposkani, mzoga hautoki."

"Na ilipokuuliza kama iruhusiwe kujua mahali ulipo, ukasemaje?"

Nyundo akakuna shingo. "Inauliza vitu vingi. Mikono imejaa damu, huwezi kushika kioo. Tunabonyeza kwa pua."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa pua, mama watoto! Wote tunabonyeza kwa pua. Halafu kijana wa ofisini akatuwekea simu zifungue zenyewe, bila kutuonyesha anwani kwanza, tusipoteze muda."

Mkewe akafumba macho kidogo. Msomaji, mimi mwenyewe niliposikia habari hii ya pua nilicheka, kisha nikakumbuka ni mara ngapi nimebonyeza Ruhusu bila kusoma, na pua yangu ni safi kabisa. Nikaacha kucheka.

"Sikiliza," alisema mkewe. "Mimi ukurasa wangu wa biashara uliibwa kwa msimbo kama huu, wateja wote wakatapeliwa kwa jina langu. Tangu siku ile sijakubali msimbo unaojifungua wenyewe. Kivinjari kikiachwa kifanye kazi yake, kinakuonyesha anwani kabla hujaingia. Unaisoma. Tazama hii. Iko wapi hapa anwani ya machinjio yenu?"

Nyundo akatazama. Juu ya ukurasa palikuwa na namba tupu.

"Hii si ya machinjio. Hii ni ya mtu. Amebandika msimbo wake juu ya msimbo wenu, wewe ukaupa ruhusa kwa pua, na ukurasa umebaki wazi. Kila unapofungua hiki kivinjari unaamka, unamwambia mwenye msimbo ulipo. Hivi umejiuliza, ng'ombe aliyekwisha kufa anataka kujua ulipo ili iweje?"

Nyundo akazihesabu zile siku kichwani.

Kila mchana Nyundo alizunguka vichochoro, akabadilisha njia, akatazama nyuma, akaingia kwa dada yake. Kisha akamkabidhi simu, naye Kitinda akafungua kivinjari asome habari. Mkono wake mwenyewe ndio uliokuwa ukiwaita wauaji.

Nyundo alikaa chini kando ya robota la nguo, mtu mzima yule, akalia kwa sauti. Nilikuwa nikimletea kifo na chakula kwa pamoja, alisema. Mimi nilikuwa nikimletea.

Kitinda akamshika kichwa. "Kaka, nyamaza. Umenilea. Ni huyo mwenye msimbo anayepaswa kulia."

Shemeji akatema damu, akampa Nyundo mkono. Nyundo akaushika.

Mkewe tayari alikuwa amefika kwenye mipangilio ya kivinjari, kidole kiko juu ya neno la kuondoa ruhusa. Mara Nyundo akainua uso. Machozi yalikuwa bado yanatiririka, lakini macho yalikuwa ya mtu mwingine.

"Usifunge."

"Umerogwa?"

"Usifunge, nimesema. Wanaifuata hii simu? Waifuate."

Shemeji alimchukua mkewe akampeleka kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hoteli, shangazi yake anakosimamia zamu, nyuma ya mashine zinazounguruma hata mtu akipiga kelele hasikiki. Mkewe Nyundo alimpigia mpelelezi wa kesi. Mpelelezi akasema yuko njiani. Wiki zote hizi tunazosoma hadithi hii mpelelezi huyo yuko njiani, sijui ni njia ya kwenda wapi.

"Wewe baki hapa," Nyundo alimwambia mkewe.

"Na ukifa nani atakayenieleza umefia wapi? Twende."

Machinjio mchana hayana mtu. Kazi ni ya alfajiri. Ikifika adhuhuri sakafu imeoshwa, visu vimefungiwa, mizoga iko kwenye chumba cha baridi ikingoja magari. Nyundo alifungua kwa ufunguo wake. Ubaridi ukawapiga usoni. Fahali waliopasuliwa walining'inia safu kwa safu kwenye ndoano, na juu yao reli yenye mnyororo wa kuwasogeza.

Mkewe akakisogelea kibandiko cha kwanza, akakikwangua pembeni kwa ukucha. Kikabanduka. Chini yake palikuwa na kingine, chenye alama ya machinjio. Akakwangua cha pili, na cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

"Ukucha tu," alinong'ona kwa uchungu. "Ukucha tu ungetosha."

Nyundo aliwasha kivinjari, akaacha kioo kikiwaka, akaiingiza simu ndani ya mbavu za fahali mkubwa katikati ya chumba. Mkewe akajibanza nyuma ya sanduku la swichi ya mnyororo. Nyundo akachukua shoka lake la kupasulia, lile aliloshika tangu ujana, akachomeka kisu cha kutolea mifupa kiunoni, akasimama nyuma ya mizoga. Baridi ikamla bega bichi.

Hawakuchelewa.

Kipara aliingia akichechemea, uso umebabuka kwa mchuzi, sindano ikiwa imeacha doa jekundu kwenye suruali. Mbele yake alikuwa mtu mwingine, mwenye koti refu la ngozi. Mkono mmoja bastola, mkono mwingine simu, na macho yote kwenye simu.

"Yuko hapa," alisema wa koti. "Inanionyesha yuko hapa hapa."

"Sioni mtu."

"Kajificha. Nyundo! Toka tuzungumze kiume!"

Tone la damu likaanguka mahali.

Mwenye koti akatembea kukifuata kitone kilichowaka kwenye ramani ya simu, hatua kwa hatua, mpaka akafika uso kwa uso na fahali aliyekufa. Akaona mwanga ndani ya mbavu. Akatabasamu, akadhani ni mtu aliyejibanza upande wa pili, akaumiminia mzoga risasi. Nyama iliruka vipande. Chumba kikajaa moshi.

"Sasa!" Nyundo akapaza sauti.

Mkewe akabonyeza swichi. Mnyororo ukashtuka, mizoga yote ikaanza kutembea kwa pamoja, ikiyumba, ikigongana. Mwenye koti alisukumwa na fahali mmoja, akapokewa na mwingine. Akageuka huku, akageuka kule, bastola haijui imlenge nani.

Nyundo alitokea nyuma ya mzoga unaopita. Shoka lilishuka mara moja tu. Mkono wenye bastola ukabaki hauna vidole.

Yule bwana hakupiga hata yowe kwanza. Aliutazama mkono wake kama mtu aliyeangusha kitu. Kisha ndoano tupu iliyokuwa ikija nyuma yake ikamshika kwenye koti, ikalipenya koti, ikalipenya bega, ikamnyanyua. Hapo akapiga kelele. Mnyororo haukuwa na huruma, ulimburuta huku miguu ikipiga hewa, ukamtwanga kichwa kwenye nguzo ya chuma pale kwenye kona. Kelele ikakatika. Akaendelea kuzunguka na wenzake wa kwenye ndoano, ametulia kama wao.

Kipara alirusha shoka lake likapita kando ya sikio la Nyundo. Wakavaana mikono. Kipara akajua pa kupiga: bega. Alilipiga kwa ngumi, nyuzi za mkewe zikafumuka, Nyundo akaona nyota mchana kweupe. Wakaanguka kwenye mafuta ya sakafuni, Kipara juu, vidole gumba vimezama kooni mwa Nyundo.

Dunia ikaanza kuwa nyeusi.

Kisha kitu baridi kikagusa upara.

"Bonyeza tena hilo koo," mkewe Nyundo alisema, bastola ya marehemu mkononi, "nikumwage ubongo nisafishe kwa mpira wa maji."

Kipara akaachia.

Nyundo alimgeuza, akamkalia kifuani, akamwekea kisu cha kutolea mifupa chini ya kidevu. Alitaka kukata. Nakuambia ukweli, alitaka sana, na kisu kilishachora mstari mwembamba wa damu.

"Usiniue! Mimi natumwa tu!"

"Na huyu aliyechinjwa mlangoni mwa mizani, daktari wa watu, naye alikuwa anatumwa?"

Badala ya kujibu, Kipara akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu asiye na cha kupoteza.

"Mnajiona wajanja. Mnadhani kitone kwenye ramani ni kimoja?"

Mkewe alikimbilia simu ya mwenye koti iliyoanguka sakafuni. Kioo kilikuwa na ufa lakini kinaonyesha. Ramani ya mji. Kitone chekundu juu ya machinjio, ndicho kile kilichokuwa ndani ya mbavu za fahali. Na kingine, mbali, ng'ambo ya mji. Akakikuza kwa vidole. Rangi ikamtoka usoni.

"Kiwanda cha kufulia," alisema.

"Haiwezekani. Kitinda hana simu!"

"Mumewe anayo. Shemeji anapakia mizoga hii hii, baba watoto. Naye anaskani vibandiko hivi hivi kabla ya kufunga mlango wa gari." Akakitazama tena kile kitone. "Niliikagua simu yako, nikasahau kumwomba yake. Na wewe ulikuwa umeshamvunja jino, tukaona aibu kumuuliza zaidi."

Kabla Nyundo hajafungua mdomo, simu ikaita mkononi mwa mkewe. Juu ya kioo kilichopasuka: *Bosi.*

Ikaita. Ikaita tena.

Nyundo alikisogeza kisu mpaka Kipara akaacha kumeza mate. "Mwambie nimekufa. Sauti ikitetemeka, unatangulia."

Mkewe akaweka kipaza sauti.

"Vipi huko?" Sauti ya Bwana Ngozi ilikuwa ya taratibu, ya mtu aliyeshiba. Nyuma yake mashine zilikuwa zikinguruma.

"Tayari, bosi," Kipara alisema. "Tumemmaliza."

"Vizuri. Mimi ninaye huyu dada. Mumewe tumemfunga, bado anapumua. Namtaka huyu mwanamke aseme mbele ya kamera kwamba aliyemchinja daktari ni mumewe, mambo yaishe. Anakataa. Nimemvunja kidole, anakataa. Unajua anasemaje?"

"Anasemaje, bosi?"

"Anasema kaka yake atakuja." Bwana Ngozi akacheka kidogo. "Sasa mleteni huyo kaka, aje. Akimwona, atasema ninachotaka."

Simu ikakatwa.

Mkewe Nyundo aliinama akashika magoti. Nyundo hakuinama. Alikwenda kwenye kona akavuta toroli la kubebea matumbo, lile la bati, na turubai lake lenye damu iliyokauka.

"Ameniita," alisema.

"Baba watoto..."

"Umesikia mwenyewe. Dada yangu amemwambia nitakuja."

Kipara aliendesha gari lile lile walilokuja nalo wauaji. Mkewe Nyundo alilala nyuma ya kiti chake, mdomo wa bastola ukiwa umezama kwenye mbavu za dereva, akimkumbusha kwa upole kila alipotaka kupiga honi. Nyundo alikuwa kwenye toroli, chini ya turubai, akijizoeza kutopumua. Damu ya bega ilikuwa imemlowesha kifua kizima, hawakuhitaji kumpaka nyingine.

Walifika. Mkewe akabaki garini, bastola mkononi, akitazama toroli likisukumwa kwenye mlango wa chuma. Kipara alisukuma kwa adabu, maana chini ya turubai ncha ya kisu ilikuwa imekaa kwenye kitovu chake.

Ndani mvuke ulikuwa mzito. Mashine kubwa zilikuwa zikizungusha mashuka, na joto lilimpiga Nyundo usoni baada ya ubaridi wote ule. Alisikia mtu akikoroma kwa maumivu. Huyo alikuwa Shemeji. Alisikia pumzi fupi fupi anazozijua tangu zilipokuwa za mtoto mchanga mgongoni mwa mama yao.

"Hapo. Simamisha," alisema Bwana Ngozi. "Binti, njoo utazame. Ulisema atakuja."

"Muongo," Kitinda alisema. "Huyo si yeye."

"Fungua uso."

Turubai likavutwa hadi kifuani. Nyundo alikuwa amefumba macho, mdomo wazi kidogo, kidevu kimelegea. Alikisikia kilio cha dada yake kikianzia tumboni na kukwama kooni. Moyo ulimuuma kuliko bega. Lakini hakutikisika.

"Sasa utasema?"

"Nitasema," Kitinda alilia. "Nitasema chochote. Mfunike kaka yangu. Mfunike!"

"Safi. Leteni kamera." Viatu vikasogea karibu na toroli, vikasimama. Bwana Ngozi alikuwa mtu makini, ndiyo maana hajafungwa mpaka leo. "Ngoja kwanza. Huyu niliambiwa ni mgumu."

Nyundo alisikia kisu kikitoka kwenye ala.

Aliuma ulimi. Aliwaza jiwe, akawaza barafu, akawaza fahali wote aliowapasua bila wao kulalamika. Kisu kikaingia pajani, polepole, mpaka kwenye mpini. Nyundo hakukunja uso. Hakuvuta pumzi. Hakuna maiti iliyowahi kulala vizuri kama ile.

Bwana Ngozi akaridhika, akakichomoa.

Damu ikaruka. Haikuchuruzika, msomaji, iliruka, ikafuata mapigo ya moyo, moja, tena, tena, ikalirushia madoa koti jeupe la tajiri.

Kitinda, aliyepima mizoga tangu usichana wake, aliiona, na kilio chake kikakatika ghafla.

Na Bwana Ngozi, aliyezaliwa na kukulia machinjioni, naye aliiona.